Nimepata kazi ya ulinzi wa mtoto kambini. Niache ajira ya serikali?

*"Shikamoo dada. Nina miaka 29, ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, mwaka wa nne sasa, na nimeshathibitishwa kazini. Nimefaulu usaili wa shirika moja la kimataifa: afisa ulinzi wa mtoto katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, mkataba wa mwaka mmoja, mshahara karibu mara mbili ya huu wangu. Naitaka kazi hiyo kwa sababu huku nimechoka kuona watoto wanaumizwa wakati sina hata nauli ya kuwafuata. Nataka mahali ambapo naweza kumtoa mtoto kwenye mateso siku hiyo hiyo na kumpeleka penye usalama. Ila nina mtoto wa miaka minne, itabidi nimwache kwa mama yangu. Halafu mwaka jana nilishughulikia shauri la binti wa miaka saba aliyebakwa na ndugu yake wa karibu, na tangu hapo kuna usiku silali. Mume wangu anasema mtu anayelia kwa shauri moja hataiweza kambi. Rafiki zangu wanasema nikikataa nina wazimu. Natakiwa kujibu baada ya siku kumi. Nifanyeje?"*

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa kufaulu usaili, maana najua nafasi hizo zinavyogombewa. Nimefanya kazi ya ulinzi wa mtoto miaka kumi na saba, mingi kati ya hiyo kambini Kigoma. Wengi wanaoniandikia huuliza mshahara tu. Wewe umeuliza habari ya mtoto wako, ya usingizi wako na ya maneno ya mumeo, na yote nitayajibu. Lakini nianze na sentensi uliyoiandika kama vile haina swali ndani yake: kwamba unataka mahali utakapomtoa mtoto kwenye mateso siku hiyo hiyo. Usipoiangalia vizuri sentensi hiyo kabla ya kusaini, kambi itakuvunja moyo kabla mwaka haujafika nusu.

Afisa ulinzi wa mtoto wa shirika hana mamlaka ya kumchukua mtoto wa mtu. Mamlaka hayo unayo wewe, hapo ulipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua afisa ustawi wa jamii kuwa ndiye wa kuchunguza, na ndiye wa kwenda Mahakama ya Watoto kuomba amri ya matunzo au ya usimamizi. Mtoto mkimbizi naye yuko chini ya sheria hiyo hiyo. Kambini yupo mkuu wa kambi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, wapo polisi, na yupo afisa ustawi wa jamii wa wilaya, mwenzako. Shirika linafanya kazi katikati yao, kwa kibali chao. Kwa ufupi, leo una mamlaka bila nauli. Ukienda kule utakuwa na nauli bila mamlaka.

Sasa tazama siku moja inavyokwenda. Saa tatu asubuhi mhamasishaji wa jamii, naye ni mkimbizi anayelipwa posho, anakuja kukuambia kuna mtoto katika zoni yake ameungua viganja. Mama wa kambo amemchoma kwa sababu ya unga uliopungua. Unakwenda. La kwanza ni kumfikisha hospitali ya kambi. La pili ni kujua atalala wapi usiku wa leo. Unaita Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, unampigia mwenzako wa wilaya, unamjulisha msimamizi wako, kisha unatafuta familia ya kuaminika iliyokwisha kukaguliwa kabla ya siku hiyo, maana familia ya kumpokea mtoto usiku haitafutwi usiku. Kesho yake unarudi kwa yule mama wa kambo. Ndiyo, unarudi kwake, kwa sababu nyumbani humo kuna watoto wengine watatu, mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa, na hujui bado ni mkatili au ni mtu aliyefika mwisho. Siku hiyo hiyo umepata bendeji na mahali pa kulala. Yaliyobaki ni kazi ya miezi.

Najua unaweza kusema, basi si kungekuwa na kituo kizuri, chenye uzio na vitanda, wakae pale? Hata mimi niliwahi kuwaza hivyo. Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 1994, mashirika yalifungua vituo vya watoto waliopotezana na wazazi katika makambi ya Wanyarwanda. Vituo vilikuwa na maziwa na dawa kuliko mahema yaliyovizunguka. Haikuchukua muda, wazazi wenye akili timamu wakaanza kuwaacha watoto wao mlangoni. Wangefanya nini? Ukiona mtoto wa jirani anakunywa maziwa kwa sababu anadhaniwa hana mama, na wako anaharisha hemani, mapenzi yenyewe ndiyo yatakayokutuma umwache. Kituo kilichojengwa kwa ajili ya watoto waliotengana na wazazi kikawa kinawatenganisha wengine.

Na mwaka 2007 huko Abéché, mashariki mwa Chad, kundi la Wafaransa lililojiita L'Arche de Zoé lilikamatwa likitaka kuwapakia ndegeni watoto 103 kuwapeleka Ufaransa, likisema ni yatima wa Darfur, Sudan. Wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na wa Msalaba Mwekundu walipokaa na watoto hao mmoja mmoja, ilionekana 91 kati yao walikuwa wakiishi nyumbani na mtu mzima angalau mmoja wanayemwita mzazi. Wengi hata hawakutoka Darfur, walitoka vijiji vya Chad vya karibu na mpaka. Baadhi ya waliofanya hivyo waliamini kwa moyo wao wote kwamba wanaokoa. Ndiyo maana nakuomba uitazame upya hamu yako ya kumtoa mtoto. Ni hamu njema, na ikikosa breki inaweza kumdhuru yule yule unayempenda.

Nikusimulie jambo moja langu, nimebadilisha mambo madogo ili wenyewe wasitambulike. Mei 2015 nilikuwa Kagunga. Ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, barabara hakuna, na makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamelala ufukweni wakikimbia machafuko ya uchaguzi kwao. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Meli ya MV Liemba ilikuwa ikitia nanga mbali kidogo na ufuko, watu wanafikishwa kwa boti ndogo, wanakwenda Kigoma mjini, wanalala Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni tulikuwa na kanuni iliyoonekana ya huruma: wajawazito, wagonjwa na watoto wadogo kwanza. Msichana wa miaka kama minne akapandishwa boti na mama asiyemjua. Kaka yake, wa miaka tisa hivi, alikuwa amekwenda kuteka maji. Aliporudi na dumu lake la njano, boti imeshaondoka. Watoto wale walikuja wawili tu, hawana mtu mzima, kwa hiyo yule kijana ndiye aliyekuwa familia nzima ya dada yake. Na sisi tukamtenga naye, kwa huruma, bila kuandika jina. Siku sita zilipita kabla hatujawakutanisha. Tangu hapo sijaruhusu chombo chochote kiondoke kabla ya kuuliza kila mtoto: umekuja na nani, na yuko wapi sasa hivi?

Kwenye uandikishaji kijana alisema wao ni *impfuvyi*, yatima. Watoto husikia upesi ni neno gani linafungua mlango. Sikumwita mwongo. Niliandika kwamba anasema ni yatima, nikaendelea na maswali madogo: nani alikuwa anapika nyumbani, siku mliyoondoka nani alifunga mlango, nauli ya boti alitoa nani. Ikatokea kwamba mama yupo. Alikuwa amebaki na kichanga cha wiki mbili ambacho kisingeweza safari. Tukapeleka taarifa kwa Msalaba Mwekundu, wao ndio wenye kazi ya kutafuta ndugu kuvuka mipaka, na wana ile karatasi yao ya ujumbe wa kifamilia, haifungwi, na hairuhusiwi kubeba siasa. Miezi ikapita. Jibu lilipokuja, mama hakuomba tuwarudishe. Aliomba wakae huko mpaka kutulie, kisha akauliza kama sikio la kijana bado linatoa usaha.

Mdogo wangu, maafisa watatu tulishakaa na mtoto yule. Tulijaza fomu nne. Hakuna hata mmoja aliyeliona sikio.

Nakusimulia hayo ili uone kazi yenyewe ilivyo, maana tangazo la ajira haliwezi kukuonyesha. Kumtambua mtoto, kumwandikisha, kutathmini, kupanga naye, kutekeleza, kufuatilia, kufunga jalada: hatua hizo utafundishwa kwa siku chache na utazijua. Utafundishwa pia kutofautisha mtoto asiye na mtu mzima yeyote anayewajibika naye kisheria au kimila, na yule aliyetengana na wazazi lakini yuko na shangazi au babu. Na utafundishwa maslahi bora ya mtoto: tathmini ya awali unayoifanya mwenyewe, na uamuzi mzito zaidi unaofanywa na jopo, kwa mfano kama mtoto arudishwe nchini kwao au la. Kisichofundishika ndani ya siku chache ni kulirudia jalada lile lile mara ya kumi, wakati hakuna jipya, mtoto amekuzoea na wewe umemchoka, halafu bado ukaona sikio. Wale ndugu wawili walikaa kwa mama mlezi mjane kutoka komini, yaani eneo la utawala, ya kwao Burundi kwa miezi kumi na minne, mpaka mama yao alipovuka mwenyewe na kile kichanga ambacho sasa kilikuwa kinatembea. Katika miezi hiyo sikumtoa mtu kwenye mateso siku yoyote. Nilikuwa nakwenda tu kila wiki mbili, nakaa kwenye kigoda, nauliza shule, nauliza nani anakwenda kuni na wanapitia wapi.

Kwa sababu hiyo idadi ya majalada ni suala la uhai. Viwango vya kimataifa vya ulinzi wa mtoto katika dharura, vilivyotolewa 2012 na kurekebishwa 2019, vinataka mhudumu mmoja asizidi watoto 25, na msimamizi mmoja asizidi wahudumu watano au sita. Wahudumu wenye majalada yao ni wale utakaowasimamia au utakaokuwa mmoja wao, kutegemea shirika linaita "afisa" mtu gani, na hilo uliulize. Ukiambiwa watoto sitini, ujue umeambiwa kwamba hutaona sikio lolote.

Kuna mambo mawili ya ufundi nataka uende nayo hata ukibaki halmashauri, kwa sababu hata maafisa wazoefu huyakosea. Usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu yeyote. Najua ndilo neno linalokuja mdomoni mtoto anapotetemeka. Lakini akishakwambia amebakwa, utalazimika kusema, na dawa za kuzuia VVU hazisubiri, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na kila saa inayopotea ina gharama. Ukishaahidi na kuvunja, wewe ni mtu mzima wa pili kumsaliti. Mwambie mapema, kwa Kiswahili chepesi au Kirundi cha mkalimani unayemwamini: mengi tutakayoongea yatabaki kwetu, ila nikijua kuna mtu anakuumiza nitamwambia fulani na fulani ili wakusaidie, na nitakuambia kabla sijawaambia. Na mkalimani asiwe jirani. Ukiwa Muha, ambaye lugha yake inakaribiana na Kirundi, utaelewana na Warundi bila mkalimani, hiyo ni bahati kubwa, lakini hata hapo angalia nani amekaa nje ya turubai, maana turubai halina masikio ila lina majirani.

Jambo la pili: usimsimulishe mtoto mara mbili lile ambalo limeshaandikwa. Polisi wanauliza, daktari anauliza, afisa anauliza, mgeni kutoka makao makuu anauliza. Kila mara mtoto anarudi pale. Halafu anaanza kuyapanga maneno yafanane na anachodhani unataka kusikia, na siku ya mahakama wakili anauliza kwa nini ulisema jioni na sasa unasema mchana. Kaeni pamoja, mmoja aulize, wengine wasikilize. Na epuka "kwa nini". "Kwa nini hukupiga kelele?" katika sikio la mtoto ni hukumu. "Ikawaje?" inatosha.

Kuna jambo ambalo katika usaili hulitaja mtu kwa haraka kama la kawaida, nami sitalipita haraka. Hatari kwa watoto wa kambini wakati mwingine inavaa kitambulisho kama utakachovikwa wewe. Mwaka 2002 ilifichuka Afrika Magharibi, katika makambi ya Guinea, Liberia na Sierra Leone, kwamba wafanyakazi wa misaada walikuwa wakidai ngono kwa wasichana ili kuwapa chakula na maturubai. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa katazo ambalo leo limo katika kila mkataba wa mashirika haya: hakuna ngono na aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria au desturi ya mahali inaruhusu, na kusema ulidhani ni mkubwa si utetezi. Utasaini karatasi hiyo siku ya kwanza. Ukweli ni kwamba siku moja unaweza kumkuta mwenzako wa gari moja, mchangamfu, anayepeana zamu nzuri na kila mtu. Utatakiwa kumripoti bila kuchunguza mwenyewe na bila kumwonya. Jiulize leo kama utaweza. Nimewaona watu wazuri sana wakishindwa hapo, wakisema tusiharibu kazi ya mtu.

Sasa mumeo. Amekosea katika kipimo. Machozi si dalili kwamba huwezi. Katika miaka yangu, walioanguka vibaya zaidi ni wale walioacha kuhisi: anasoma jalada la mtoto aliyebakwa huku anatafuna karanga, anasema "nyingine hii". Mwili wa mtu anayesikiliza hautofautishi vizuri kati ya hatari aliyosimuliwa na hatari yake mwenyewe. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na kama hakuna kilichofanyika baada ya hapo, hakuna nauli, hakuna mtu wa kuongea naye, mwili unabaki kwenye zamu usiku kucha. Nadhani, na ni kudhani tu kutoka mbali, kwamba kinachokuamsha usiku kimechanganyika: unyama aliotendewa yule binti, na ule unyonge wa kukosa cha kufanya. Tena wewe una mtoto mdogo. Ni ajabu gani ukimwona wako katika wa mwenzio?

Lakini mumeo ameona kitu cha kweli, naomba usimpuuze. Mwaka mzima wa usiku wa aina hiyo si jambo la kubeba kwenye begi kwenda kambini ukitumaini litapona kwa shughuli. Kabla ya siku zako kumi kuisha, nenda ukaonane ana kwa ana na mtaalamu wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako, au mshauri nasaha unayemwamini na asiye jamaa. Mimi siwezi kukupima kwa maandishi. Kama ndoto zinarudia tukio lile lile, kama unakwepa njia au nyumba zinazokukumbusha, kama unashtuka mwanao akiguswa hata na babu yake, kama umeanza kunywa kitu ili ulale, mwambie yote bila kuyapunguza. Na kama kuna usiku umewahi kuwaza ni afadhali usingekuwepo, usisubiri miadi, nenda leo, na mumeo akusindikize. Haya yanatibika. Nimefanya kazi na wenzangu waliotibiwa wakarudi wakawa bora kuliko walivyokuwa.

Kuhusu mwanao nitasema kidogo, kwa sababu hilo mnalijua ninyi na bibi yake. Vituo vya kazi vya kambini, mashirika mengi hayaruhusu kuishi na familia. Utalala nyumba ya shirika katika mji wa karibu na kambi, na utakuwa na siku za mapumziko kila baada ya wiki kadhaa. Uliza ni wiki ngapi na nauli ni ya nani. Mtoto wa miaka minne hapimi muda kwa kalenda, ila anaweza kushika mazoea: simu saa ile ile kila jioni, hata ya dakika tano. Usiondoke akiwa amelala ili kukwepa kilio. Tunawashauri walezi kambini wasifanye hivyo, nasi tusiwafanyie wetu.

Fedha. Mshahara mara mbili ni kitu halisi na sitakuambia usiutazame. Tazama na yaliyo chini yake. Ukitoka serikalini michango yako ya hifadhi ya jamii itaacha kwenda PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na itakwenda NSSF, mfuko wa sekta binafsi, na ajira ya kudumu ukishaiacha kuirudia ni kuomba upya na vijana waliomaliza jana. Mkataba wa mwaka unafuata mradi, mradi unafuata mfadhili, na mfadhili anafuata siasa za kwao. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi duniani ilipewa amri ya kusimama kwa barua ya siku moja. Wenzangu walipigiwa simu jioni kwamba kesho wasije. Waliumia kwa mishahara yao, ndiyo, lakini aliyelia kwenye simu kwangu alikuwa akilia kuhusu majalada: watoto aliowaambia "nitakuja Alhamisi". Kambi zenyewe pia si za milele. Mtendeli ilifungwa 2021, wakaazi wake wakahamishiwa Nduta, na urejeaji wa Warundi umekuwa ukiendelea tangu 2017.

Kwa hiyo nifanyeje, unauliza. Ningekuwa wewe, wiki hii ningeandika barua mbili. Ya kwanza kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia mkuu wa idara yangu, kuomba likizo bila malipo ya mwaka mmoja, kwa maandishi, na ningesubiri jibu kwa maandishi. Maneno ya "nenda tu, tutaona" hayana kazi siku ya kurudi. Ya pili kwa shirika, ya adabu, kuuliza: kila mhudumu ana watoto wangapi leo? Msimamizi wangu ni nani na tutakaa pamoja kuyapitia majalada kila baada ya muda gani? Kuna mshauri nasaha wa wafanyakazi asiyeripoti kwa bosi? Na mradi ukisimama katikati ya mwaka, majalada ya watoto yanakabidhiwa kwa nani? Shirika zuri litafurahi kuulizwa hilo la mwisho na litakuwa na jibu. Likikujibu kwamba usiwe na wasiwasi, hilo nalo ni jibu.

Ukipewa likizo, ukajibiwa vizuri, na mtaalamu akakuambia uko tayari, nenda. Utajifunza kwa mwaka mmoja nidhamu ya jalada ambayo halmashauri ingekuchukua miaka kumi, na utairudisha nyumbani penye mamlaka. Ukinyimwa likizo, mimi nisingeacha ajira ya kudumu kwa mkataba wa mwaka katika wakati huu wa ufadhili unaokatika. Wapo watakaokuambia tofauti, na kama una deni linalokubana au mumeo ana kipato imara, hesabu yenu inaweza kuwa nyingine. Na mtaalamu akisema subiri, subiri. Watoto wanaohitaji ulinzi hawataisha, Kigoma wala kwenu, na namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, inaita huko huko uliko.

Liko moja hujaniuliza. Yule binti wa miaka saba, jalada lake unalo wewe. Ukiondoka, usilikabidhi mezani. Mchukue afisa atakayepokea, mwende wote nyumbani wanakomlea sasa, umtambulishe kwa jina, na umwambie binti kwa uso wako kwamba unakwenda kazi ya mbali, kwamba halikutokea kosa lolote upande wake, na kwamba huyu atakuja siku fulani. Taja siku ambayo yule mwenzako kweli atakuja. Na ukibaki, nenda pia, hata kama nauli ni ya mfukoni mwako mara hii, ukamwone amekuwaje.